Mvuke Bila Makaa: Dhahabu ya Nani?

Leo sina programu mpya ya kuwaelezea. Leo nina dukuduku, na atakayeudhika aniwie radhi mapema.

Mwezi uliopita mteja mmoja mwenye nyumba za wageni huku kwetu Malindi alinipa kazi ya kumtengenezea tovuti. Akanitumia picha za mfano: magurudumu ya meno ya shaba, saa za minyororo, meli za angani zinazofuka moshi, na mzungu mwenye kofia ngumu ya safari akiukagua ufuo kwa darubini. Akasema anataka "ile enzi ya dhahabu". Nikabaki najiuliza: dhahabu ya nani?

Kwa wasioujua, mtindo huu huitwa stimupanki. Jina lilibuniwa mwaka 1987 na mwandishi Mmarekani, K. W. Jeter, nusu kwa mzaha. Ni hadithi na michoro inayorudi enzi ya Malkia Victoria na kuuliza: je, kama mvuke ungeendelea kutawala dunia, na tarakilishi zikawa za shaba na makaa? Swali lenyewe si la kipuuzi. Charles Babbage alianza kubuni mashine ya kukokotoa ya namna hiyo katika miaka ya 1830, ingawa hakuwahi kuikamilisha.

Nakiri: naupenda mtindo huu, tena sana. Na najua kwa nini. Mashine ya enzi ile unaiona ikifanya kazi. Nenda kibarazani kwa fundi yeyote wa nguo mwenye cherehani ya miguu. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, mkanda unavuta, sindano inashuka. Ikikwama, fundi anafungua, anatia mafuta, anaendelea. Mimi nimesomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, lakini simu yangu ikizima lazima nimtafute mtu wa kuipasha moto ili gundi iachie, kabla hata hatujajua ina ugonjwa gani. Basi hamu ya shaba ni hamu ya kitu kinachofunguka. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni na ile kofia ngumu.

Jules Verne, ambaye wapenzi wa mtindo huu humwona kama babu yao, alitoa riwaya yake ya safari ya puto kwa majuma matano mwaka 1863. Puto linaitwa Victoria. Na linarukia wapi? Unguja! Lakini wenyeji wa Unguja humo ndani wanakasirika kwa kudhani wageni wanakwenda kuwadhuru miungu wao, jua na mwezi. Jamani, Unguja ya 1863! Mji wa misikiti, wa manahodha waliosoma nyota usiku hadi wakafika Maskati na Bara Hindi. Katika ndoto ile pwani yetu ni uwanja wa kurukia tu, na sisi ni watu wa kushangaa chini.

Na chini kulikuwa na kazi. Reli ya Uganda ilianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Iliwachukua vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Wachoraji wa stimupanki hupenda sana kichwa cha treni. Tuta la reli na waliolichimba huwaoni mchoroni.

Bibi yangu mzaa mama ni Mgiriama. Kwao hadithi ya teknolojia ya enzi ile haianzi na treni, inaanza na mlipuko. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaongoza watu kukataa kuwatoa vijana wao kwa kazi za wakoloni. Agosti 1914 serikali ya kikoloni ikailipua Kaya Fungo kwa baruti kali aina ya dainamaiti, ambayo Alfred Nobel aliipatia hataza mwaka 1867. Uvumbuzi wa enzi ya dhahabu huo.

Mtaniambia: kwani sisi hatukuwa na shaba yetu? Tulikuwa nayo. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na jumba hilo likawa la kwanza Unguja kuwa na umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Lakini vyombo vile vilinunuliwa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipoipiga kasri kwa mizinga, vita viliisha kabla ya saa moja kutimia. Kununua maajabu hakukumfanya mtu kuwa bwana wa maajabu.

Msidhani mambo hayo yaliisha na Victoria. Hapa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru. Jina letu, siku yetu ya uhuru, bahari yetu. Jukwaa la Waitaliano, roketi na setilaiti za Wamarekani. Najivunia, siwezi kukataa. Lakini ni puto la Verne tena: pwani pa kurukia.

Ndiyo maana sitaki tuchoreane kesho yetu kwa kofia ya mtu aliyekuwa juu ya puto. Tukitaka mashine zinazofunguka, tunazo mikononi: cherehani, karabai ya mvuvi, redio inayofufuliwa na fundi kwa chuma cha kulehemu na subira. Mtoto wa Kilifi anayefungua redio mbovu na kuisoma yuko karibu na Babbage kuliko mimi niliyekaa kupaka rangi ya shaba kwenye vitufe vya tovuti.

Nilimtumia mteja michoro miwili. Wa kwanza ni kama alivyoagiza, bila yule mzungu na darubini. Wa pili una cherehani, karabai na tanga la dau, vyote vikionyeshwa matumbo. Hadi leo kimya, na kodi ya nyumba haisubiri. Akichagua wa kwanza nitaumaliza, kazi ni kazi. Lakini ile kofia sirudishi.

Nanyi mnaonaje? Kabla ya kunijibu, fungueni kitu kimoja kibovu hapo nyumbani. Chomoeni umeme kwanza.