Alama ya Kidole Si Ridhaa

Msomaji mpendwa, wewe unayejifunza Kiswahili hapa Kasese, Bwera na kwingineko, leo nakuletea neno moja ambalo kamusi hulieleza kwa mstari mmoja tu, nalo laweza kumgharimu mtu jicho. Neno hilo ni "kuchunguza".

Mfikirie bibi aliyeteremka kutoka vilima vya Mahango, ameshikwa mkono na mjukuu wake kwa kuwa mtoto wa jicho amemnyima nuru. Mhudumu anamwambia: "Bibi, tutakuchunguza macho." Maneno hayo yana maana mbili. Ya kwanza: tutayaangalia macho yako, tuujue ugonjwa, tukutibu. Ya pili: tutakuingiza katika utafiti, tupime dawa au namna ya upasuaji ambayo ubora wake haujathibitishwa, na huenda kura ndiyo itakayoamua upewe dawa ipi. Katika maana ya kwanza bibi ni mgonjwa tu. Katika ya pili, yeye ni mgonjwa na tena ni mshiriki wa utafiti, mwenye haki za ziada. Kisha analetewa karatasi ya Kiingereza, na kidole chake gumba kinapakwa wino. Aliyekuja kwa sababu haoni, anapewa karatasi asome!

Nasema waziwazi: alama hiyo si ridhaa. Ridhaa ni ya moyo ulioelewa. Wino ni wa ngozi tu.

Wala hili si jambo la hisia zangu. Kanuni ya Nuremberg ya mwaka 1947, iliyotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, inaanza na ridhaa ya hiari. Azimio la Helsinki la 1964 lilifuata njia hiyo hiyo. Hapa kwetu, miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia inamtaka mtafiti atumie lugha anayoielewa mshiriki, na asiyeweza kusoma awe na shahidi asiye na upande. Tena Uganda ina Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma, urithi wa enzi za ukoloni. Sheria hiyo humhesabu mtu kuwa asiyejua kusoma kwa kuitazama hati yenyewe: kama huwezi kusoma na kuielewa lugha iliyoandikiwa, basi kwa hati hiyo unahitaji ulinzi, hata uwe mjuzi wa vitabu vya lugha nyingine. Kwa hiyo anayekusoma Kikonzo vizuri, lakini hajui Kiingereza, asidharauliwe mbele ya fomu ya Kiingereza; alindwe.

Wako watakaonijibu kwamba wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache. Ni kweli. Lakini upasuaji wa mtoto wa jicho waweza kumalizika kwa muda usiofika nusu saa. Je, dakika kumi za maelezo ndizo zitakazoiangusha hospitali? Wengine watasema kwamba mtu wa kijijini hataelewa. Hao nawaalika wasimame kando ya mto Lubilia, mpakani na Kongo. Bonde hilo lilisumbuliwa na usubi, ugonjwa wa upofu unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Mwaka 2007 Uganda iliamua kuutokomeza usubi, na dawa ya ivermektini iligawiwa na wanakijiji wenyewe, jirani kwa jirani, kwa kutumia fimbo ya kupimia kimo. Waliozipima dozi na kuzieleza walikuwa watu wa vijijini, nao wakaelewana. Basi tatizo halikuwa akili ya mwanakijiji. Tatizo ni uvivu wa anayepaswa kueleza.

Usinielewe vibaya, mwanafunzi wangu. Siupingi utafiti. Utafiti uliofanywa Mbarara juu ya vidonda vya jicho ulionyesha kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamekwisha kutia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitalini. Tusingeyajua hayo kama wagonjwa wasingekubali kuulizwa. Ndiyo maana nasema kwamba ridhaa ya kweli ni rafiki wa sayansi. Mtu aliyeeleweshwa atasema ukweli na atarudi kliniki siku aliyoambiwa. Aliyeburutwa atakimbilia tena majani ya kukamua jichoni, na atawaonya jirani zake.

Sasa wewe una kazi gani katika hili? Tangu marekebisho ya mwaka 2005, Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Katika soko la Mpondwe, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wanunuzi na wauzaji wa pande mbili za mpaka. Lugha inayotosha kupatana bei ya maharagwe haishindwi kueleza jicho. Lakini haitaeleza chochote ikiwa sisi tunaoisoma tunaitumia kwa mitihani tu. Kikonzo kwanza kwa Mkonzo. Kiswahili kwa aliyevuka mpaka na kwa kila anayekielewa zaidi ya Kiingereza.

Kwa hiyo, utakapomsindikiza bibi au mjomba kliniki, usikae kimya kwenye benchi. Uliza kwa adabu: Je, haya ni matibabu au ni utafiti? Ni jicho lipi litakalopasuliwa? Ni madhara gani yanayoweza kutokea? Akikataa kushiriki, au akijitoa baadaye, je, atatibiwa vilevile? Likitokea baya, tumwendee nani? Kisha mfasirie mzee wako kila jibu, naye alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kulirudia, bado hajaridhia, na kidole chake kisiguse wino.

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Daktari huondoa giza la jicho kwa kisu. Giza la karatasi huondolewa kwa lugha, na lugha hiyo, msomaji wangu, unayo wewe.