Kitabu cha shule ndicho mlango: soma kilichomo, tafuta kilichokatwa



Kule India kuna mtihani mmoja, ukiupita umeingia serikalini kwa mlango wa mbele. Unasimamiwa na tume ya utumishi wa umma inayoitwa UPSC. Ndio unaotoa mabalozi, maafisa wakubwa wa polisi, na wale maafisa wa wilaya wanaoshika mambo ya ardhi, uchaguzi na usalama. Wafikirie kama ma-DC wetu wa zamani, maana kiti chenyewe ni urithi wa Mwingereza kule na huku.

Wanaoomba kuufanya kila mwaka ni kama milioni moja. Wanaofika mwisho wakachukuliwa ni kama 1,000 hivi. Si mchezo.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Mtu ana digrii ya udaktari au uinjinia, amesoma miaka na miaka. Akianza kujiandaa kwa mtihani huu, jambo la kwanza analoambiwa na waliomtangulia ni hili: rudi darasa la 6. Chukua vitabu vya historia vya shule, uanze upya mpaka darasa la 12.

Vitabu hivyo hutolewa na NCERT, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1961. Watu hawavisomi kwa kupenda utoto. Vimeandikwa kwa lugha nyepesi, vimepangwa kwa mfuatano, na ni vya bei nafuu. Kwenye mtandao unavipakua bure, kwa Kihindi, Kiingereza na hata Kiurdu. Kijana ambaye baba yake ni fundi cherehani kijijini anaweza kukaa na kitabu kile kile anachosoma mtoto wa jaji mjini Delhi.

Na historia katika mtihani huo haina mzaha. Karatasi ya kwanza ina maswali 100 kwa saa 2, na ukikosea swali unakatwa thuluthi ya alama zake. Kwa hiyo kubahatisha kuna gharama. Ukivuka hapo, kuna karatasi 9 za kuandika, halafu mahojiano.

Na humo ndani ya vitabu tumo hata sisi. Kitabu cha historia cha darasa la 12 kina sura juu ya wasafiri walioiona India ya zamani. Mmoja wao ni Ibn Battuta. Ndiyo, yule yule tunayemsoma sisi kwenye Historia na Serikali, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka michache baadaye alikuwa kadhi mjini Delhi, chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq. Kijana wa Delhi na kijana wa Kilifi wanamsoma mtu mmoja, kila mmoja kwa ajili ya mtihani wake.

Hapa ndipo panapoanza maneno.

Mwaka 2022 NCERT ilitangaza kwamba inapunguza vitabu. Sababu iliyotolewa ni kuwapunguzia wanafunzi mzigo baada ya korona. Ikaondolewa sura nzima ya darasa la 12 iliyohusu wafalme wa Mughal, mabaraza yao na vitabu vyao vya kumbukumbu. Katika kitabu cha historia ya dunia cha darasa la 11, ikaondolewa sura ya nchi za Kiislamu za kati. Katika vitabu vingine zikaondolewa habari za mauaji ya Gujarat ya 2002. Wanahistoria wengi wa India, Wahindu na Waislamu, walitoa tamko hadharani kupinga.

Tuseme haki: Mughal hawakufutwa kabisa wakati ule. Walibaki katika kitabu cha darasa la 7, na katika sura ya wakulima na ardhi ya darasa la 12. Lakini mwaka 2025 kilipotoka kitabu kipya cha darasa la 7, sehemu yake ya kwanza haikuwa na masultani wa Delhi wala Mughal. Wamewekwa darasa la 8, na humo kinachosisitizwa sana ni ukatili na umwagaji damu, pamoja na maelezo kwamba watu wa leo wasilaumiwe kwa mambo ya zamani.

Mtu atasema, sura moja tu, kwani kuna nini? Hebu tuangalie mambo mawili.

La kwanza ni mtihani wenyewe. Sura imetoka kwenye kitabu, lakini historia ya enzi hiyo haijatoka kwenye mtihani. Mwaka 2019 watahiniwa waliwekewa sentensi tatu juu ya utawala wa masultani wa Delhi, wachague zilizo sahihi. Moja ilisema cheo cha Mir Bakhshi kilianza wakati wa masultani wa ukoo wa Khalji. Hiyo si kweli. Mir Bakhshi alikuwa mkuu wa mishahara ya jeshi katika utawala wa Mughal, na habari zake zilikuwa ndani ya sura ile iliyokatwa. Aliyeisoma angeujua mtego.

Sasa niambie, anayeumia ni nani? Mwenye pesa ataipata habari hiyo kwenye madarasa ya kulipia, Delhi imejaa vituo hivyo. Anayeumia ni yule mtoto wa fundi cherehani, ambaye mwalimu wake pekee ni kitabu cha bei nafuu. Ukikata kitabu cha umma, unamkata maskini kwanza, awe Mwislamu au asiwe.

La pili ni zito zaidi. Sura ile ilieleza siasa ya Akbar ya amani kwa watu wa dini zote, jinsi alivyoondoa jizya mwaka 1564, na jinsi kitabu kikubwa cha Kihindu, Mahabharata, kilivyotafsiriwa kwa Kiajemi kwa amri yake. Una haki ya kumkosoa Akbar, na wanazuoni wa zama zake walimkosoa. Lakini huyu kijana anayesoma leo, kesho ndiye afisa wa wilaya. Fujo ikitokea baina ya Wahindu na Waislamu, yeye ndiye atakayeamua polisi waende wapi. Kama alichosoma juu ya watawala Waislamu ni upanga peke yake, atakaa vipi kwenye kiti kile?

Basi tufanyeje? Nimesikia vijana wetu wakisema, na si wa India tu: "Vitabu vyao vina uongo, mitihani yao ina upendeleo, kwa nini nijisumbue?" Maneno haya yanapendeza kwenye baraza, lakini angalieni hesabu.

Mwaka 2005 serikali ya India iliunda kamati chini ya Jaji Rajinder Sachar kuchunguza hali ya Waislamu. Ripoti ilitoka 2006. Waislamu walikuwa asilimia 13.4 ya wananchi. Katika maafisa wa utawala walikuwa asilimia 3, katika polisi wa ngazi hiyo asilimia 4, na katika ubalozi asilimia 1.8. Dhulma? Ubaguzi upo, hatukatai. Lakini ripoti iliona jambo jingine pia: miongoni mwa waliokaa kufanya mtihani ule mwaka 2003 na 2004, Waislamu walikuwa kama asilimia 4.9 tu, na wale waliokaa walipita kwa kiwango kinachokaribiana na cha wengine.

Rudia kusoma hapo. Waliokaa, walipita kama wengine. Wengi hawakukaa.

Walioelewa hilo hawakuishia kulalamika. Chuo Kikuu cha Jamia Millia Islamia kina kituo cha bweni kinachowaandaa bure wanafunzi wa jamii za wachache, wa matabaka ya chini, na wanawake. Zakat Foundation of India ilichukua fedha za zaka na sadaka ikasomesha vijana kwa mtihani huu. Na tunda la Jamia halikuwa la Waislamu peke yao: aliyeshika namba moja India nzima katika mtihani wa 2021, Shruti Sharma, alijiandaa hapo.

Mwaka 2020, kituo kimoja cha televisheni kilirusha kipindi kikidai Waislamu "wanajipenyeza" serikalini kupitia mtihani huu, kikakiita jihadi. Mahakama ya Juu ya India ikasimamisha vipindi vilivyobaki. Fikiria: mtu akikesha na kitabu cha shule akapita mtihani kwa haki, anaitwa mvamizi. Hiyo peke yake inakuonyesha kalamu ina uzito gani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kitabu cha shule usikisusie na usikisujudie. Kisome kwanza mpaka ukimalize, kwa sababu ndicho mlango. Soma sura kwa sura kufuata miaka. Andika muhtasari kwa maneno yako mwenyewe, kisha jipime kwa maswali ya miaka iliyopita. Halafu tafuta toleo la zamani, ulilinganishe na jipya, ujue kilichotolewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku kuinama ni kusoma hata kitabu ambacho hukipendi.

Na sisi huku Kenya? Hatuna mtihani mmoja mkubwa kama ule. Kwetu ni matangazo ya kazi, maombi na mahojiano. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na sifa, na uwakilishe jamii mbalimbali za Kenya. Maneno mazuri. Lakini katiba haikujazii fomu. Nafasi zikitangazwa, ni wangapi kati yetu tunaosema "hawatatuchukua" kabla hata ya kutuma barua? Ukinyimwa baada ya kuomba, una la kupeleka kwenye tume na mahakamani. Usipoomba, huna hata pa kuanzia.

Wiki hii fanya jambo moja. Chukua kitabu cha historia cha mdogo wako, fungua sura ya pwani. Angalia wamesema nini juu ya Kilwa, Pate, Lamu na Mombasa. Angalia wazee wetu wametajwa kama nani: wenyeji wenye miji, elimu na mahakimu wao, au wageni na wafanyabiashara ya watumwa basi? Andika ulichokiona, pamoja na kurasa. Siku mtaala unapojadiliwa, nenda na karatasi yako mkononi. Hasira peke yake haitakupa kiti wala haitarudisha sura iliyokatwa.

Wabillahi tawfiq.