Shahada ya mawasiliano: deni ni rahisi, ghali ni mtaji wa duka

Mloka misimu miwili hukutana. Kuanzia katikati ya mwaka minada ya ufuta ya Mkoa wa Pwani huingiza fedha kwa wakulima, na miezi hiyo hiyo, hadi mwishoni mwa Agosti, dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwa wazi. Mwenye duka, mtumbwi au ekari chache za ufuta hujikuta ana fedha mfukoni na fomu mkononi. Mtoto amefaulu kidato cha sita na anataka kusomea mawasiliano ya umma. Baba na mama wanajiuliza: tukope au tuuze?

Safu hii inasema kopeni. Wanaoliogopa deni la Bodi wanaliangalia kwa macho ya zamani. Hadi mwaka 2021 mkopo huo ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta. Mwenye duka ajiulize ni wapi pengine atapata fedha za namna hiyo. Riba ya mikopo ya benki nchini imekuwa ikizunguka asilimia 15 kwa mwaka, na wakopeshaji wa mitaani hatuna haja ya kuwataja. Mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 3 katika miaka ya 2024 na 2025, kwa hiyo deni lisilo na riba hupungua uzito lenyewe kila mwaka.

Tupige hesabu ya mfano. Kijana amekopa Sh. 12,000,000 kwa miaka mitatu ya shahada na amepata ajira ya mshahara wa msingi wa Sh. 600,000. Makato ya Bodi ni asilimia 15, yaani Sh. 90,000 kila mwezi. Ukiongeza ada ya uendeshaji ya asilimia 1, atamaliza kwa miezi 135, miaka 11 na kidogo. Ni muda mrefu, lakini unajulikana. Chini ya tozo ya zamani, Sh. 720,000 zingeongezeka mwaka wa kwanza dhidi ya malipo ya Sh. 1,080,000. Kabla ya mwaka 2016, makato yalipokuwa asilimia 8, mtu wa mshahara huo angelipa Sh. 576,000 kwa mwaka na deni lingezidi kunenepa huku analipa. Huo ndio mkopo uliowatisha kaka zao.

Hata hivyo mshahara huo nao utazamwe. Ukitoa mchango wa hifadhi ya jamii Sh. 60,000, kodi ya mapato Sh. 24,000 na Sh. 90,000 za Bodi, zinabaki Sh. 426,000. Kwa mtu aliyepanga chumba Dar es Salaam, anayepanda daladala mara mbili kwa siku na kula mgahawani, hapo hakuna cha kutuma nyumbani. Mzazi anayetegemea mtoto amrudishie fedha za ng'ombe au za mtumbwi ndani ya mwaka mmoja anajidanganya.

Na hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Vyumba vingi vya habari hutegemea waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyochapishwa au kutangazwa, wala si kwa mwezi. Tena kanuni za Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 zilimtaka mwandishi awe na angalau stashahada. Mlango wa gazeti au redio, basi, haudai shahada, na anayelenga utangazaji peke yake afikirie kwanza ngazi hiyo.

Tunapotofautiana na wengi ni hapa: gharama inayoua si deni, ni kile mzazi anachouza ili kujazia. Mkopo hautoshelezi kila kitu. Sehemu ya ada hubaki kwa mzazi kulingana na uwezo wake, na hapo ndipo watu huuza shamba au kumaliza mzigo wa dukani. Deni la Bodi linasubiri ajira, lakini duka tupu halimsubiri mteja. Tukumbuke Aprili 2024, mto Rufiji ulipofurika na kuzamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mwenye akiba alinunua mbegu upya, aliyekwisha kuuza alibaki kuangalia maji. Pengo la ada lilipwe kwa faida ya msimu, kidogo kidogo, na mtaji usiguswe. Kama faida haitoshi, ni afadhali kijana aahirishe mwaka mmoja.

Kuna soko ambalo watu wa Mloka wanalo mlangoni na hawalihesabu. Lango la Mtemere liko jirani, na tangu mwaka 2019 eneo hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kambi za watalii zinatafuta wageni kwa picha, video na maandishi ya Kiingereza kwenye intaneti. Kijana wa hapa anayejua mto, anayejua kupiga picha na kuandika, ana bidhaa ambayo wa mjini hana. Lakini atakayejiajiri asome masharti vizuri: Bodi humtaka alipe asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au kiwango cha chini cha Sh. 100,000 kwa mwezi. Masika barabara huharibika na kambi nyingi hufunga, ila kiwango hicho hakifungi. Mwenye mpango huo atenge kila msimu wa wageni Sh. 300,000 za kulipia Machi, Aprili na Mei, kabla hajanunua kamera ya pili.

Neno moja kwa waajiri wadogo: ukimwajiri mhitimu mwenye deni, kumkata na kupeleka fedha kwa Bodi ni wajibu wako kisheria. Muulize siku ya kwanza, kabla hamjakubaliana mshahara.