Anayepanda Mlingoti Ashuke Salama

Meli ya nje inapofunga gati Stockholm, wakaguzi wa Sweden wanaweza kupanda na kukagua usalama wa mabaharia kazini, hata kama nchi ya bendera ya meli hiyo haijaridhia Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006. Hiyo ndiyo nguvu ya mkataba huo: mwenye meli hawezi kujificha nyuma ya bendera.

Kenya iliuridhia mwaka 2014, Tanzania mwaka 2019. Je, bandarini kwetu mkaguzi hupanda akiwa na maswali yale yale?

Maana kazi ya juu ina mambo yake. Kabla baharia hajapanda kukwangua kutu au kupaka rangi mlingoti, rada izimwe, honi ifungwe, daraja la nahodha lijue kuna mtu juu. Awepo mwenzake chini wa kumwangalia. Mkanda wa usalama wa anayepanda ufungwe mahali imara, na kamba ikaguliwe, kwani jua na chumvi huila pole pole. Serahangi asimpandishe mtu bila kibali cha maandishi, wala meli ikiwa inayumba.

Tunazitaka mamlaka za usafiri wa baharini za Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar zikague haya mara kwa mara, Zanzibar hasa, kwa kuwa inasajili meli za kimataifa zinazobeba bendera ya Tanzania. Meli isiyo na mikanda mizima izuiwe kuondoka. Na baharia anayekataa kupanda bila mkanda asifukuzwe kazi.