Mnalilia Chupa, Mvunaji Je?

Juzi tulikuwa tumekaa kwa beste yangu, watu sita hivi, tukiangalia video ya zamani ya moto wa California. Mlima unawaka, anga imekuwa rangi ya Fanta, na chini yake mizabibu imepangwa mistari safi kabisa kama watoto wa paredi. Msee mmoja akasema, "Wacha iungue tu. Si hiyo ni waini ya wadosi." Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka, sitajifanya mtakatifu hapa.

Lakini usiku sikulala poa, kwa sababu ile kauli ni uongo na niliichekea. Halafu kuna wale wa upande wa pili, wanaoandika kurasa nzima wakiomboleza "ladha inayopotea duniani". Hao ndio wananiudhi hata zaidi. Kundi moja linacheka chupa, lingine linalilia chupa, na hakuna anayeuliza zile zabibu zilitoka shambani na mikono ya nani.

Hebu tuongee ukweli. Mabonde ya Napa na Sonoma yako kaskazini mwa San Francisco. Oktoba 2017 moto ulioitwa Tubbs ulishuka usiku, ukaua watu 22 na kuteketeza majengo zaidi ya 5,600. Agosti 2020 radi zikapiga bila mvua, vichaka vikashika moto. Kabla watu wapumue, Septemba 27 ukaanza mwingine, Glass Fire, ukala ekari zaidi ya 67,000. California imekuwa na moto tangu zamani, sikatai. Kilichobadilika ni kwamba joto limepanda, vichaka vinakauka kama karatasi, na mvua ya kuzima hiyo hali inachelewa. Na angalia kalenda: Agosti, Septemba, Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ya kuvuna zabibu.

Sasa, moto si lazima uguse shamba ndio uliharibu. Moshi unatosha. Mti ukiungua unatoa kemikali, mojawapo inaitwa gwayakoli, inapenya ganda la zabibu na kujifunga kwenye sukari. Ukila ile zabibu unaweza usisikie kitu. Ikishachachushwa ndio ile kitu inafunguka, na nyingine inafungukia mdomoni mwako kabisa. Matokeo ni waini yenye ladha ya kisahani cha majivu ya sigara. Mwaka 2020 maabara zilijaa sampuli hadi watu wakasubiri majibu wiki nyingi, na kampuni nyingi za Napa zikaamua kutotengeneza waini nyekundu ya mwaka huo. Pale tani moja ya zabibu nyekundu aina ya Cabernet ilikuwa ikienda zaidi ya dola 7,000. Kwa hivyo ukisikia mwenye shamba ana haraka ya kuvuna kabla moshi haujatulia, unajua haraka inatoka wapi.

Na hapa ndipo damu yangu inachemka. Kaunti ya Sonoma ilipotangaza watu wahame 2020, familia zikapakia magari na kutoroka. Lakini kulikuwa na vibali maalum vya kuingia maeneo yaleyale kwa kazi ya shamba. Yaani mahali ambapo ni hatari kwa mwenye nyumba kulala, mvunaji anaruhusiwa kuingia na kisu na beseni. Kwani mapafu yake ni ya chuma?

Wengi wa wavunaji hao ni wahamiaji kutoka Mexico. Wengine lugha yao ya kwanza si hata Kihispania, ni Kimixteco, kwa hivyo onyo likitolewa kwa Kiingereza ni kelele tu. Wengi hawana makaratasi, na kule kama huna makaratasi hupati pesa ya serikali ya waliopoteza kazi. Sasa piga hesabu. Ukiingia, unavuta moshi. Ukikataa, huna mshahara. Na moshi ukiharibu zabibu kabisa, mavuno yanafutwa na bado huna mshahara. Mwenye shamba angalau anaweza kuwa na bima ya mazao. Yule mvunaji ana nini?

Najua mtu ataniambia, "Lakini si hakuna aliyewalazimisha?" Buda, kodi ya nyumba ndiyo inalazimisha. Mwingine atasema sheria ipo. Ni kweli, tangu 2019 mwajiri California lazima atoe barakoa kipimo cha uchafu wa hewa kikifika 151. Sheria nzuri. Sasa wewe jaribu kukimbia na beseni la zabibu, barakoa imekubana usoni, na malipo yanategemea uzito uliojaza. Utaivaa kwa dakika ngapi?

Shangazi yangu alichuma maua Naivasha miaka mingi. Shamba silitaji. Alikuwa akituambia vile wiki ya Valentine walikuwa wanaingizwa kwenye banda la maua dawa ikiwa bado inanuka, kwa sababu ndege haingoji. Alikohoa hadi tukazoea, tukawa tunajua amefika nyumbani kabla hajabisha mlango. Kwa hivyo ukiniambia waini ni mambo ya wadosi, nasikia hicho kikohozi.

Na msidhani ni California peke yake. Agosti 2025 moto uliteketeza takriban hekta 16,000 kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Aude. Wenyeji wakasema kitu ambacho sikuwa nimewahi kufikiria: mizabibu, kwa kuwa ni mibichi na ardhi yake husafishwa, huwa inazuia moto. Lakini ukame na soko bovu viliwafanya wakulima wang'oe mingi, serikali ikiwalipa kung'oa. Palipobaki wazi pakaota vichaka, na moto ukapata njia.

Wavunaji wa Sonoma wenyewe hawajakaa kimya. Wakiwa na shirika la North Bay Jobs with Justice, tangu 2021 wamedai malipo ya ziada kwa kazi ya hatari, mafunzo ya usalama kwa lugha zao, na bima ya kuwalipa moto ukifunga shamba. Ni mambo ya kawaida kabisa. Wenye mashamba wengine walilalamika ati gharama. Chupa moja ya waini ya Napa inaweza kuuzwa zaidi ya dola 100, na bado mtu anakuambia barakoa na siku mbili za mshahara ni gharama.

Nimemtumia yule msee wa "wacha iungue" haya yote. Ameona. Bado hajajibu.