Watu Mashuhuri: Raja Todar Mal na Kamba ya Kupimia

Kila mkulima ajua kwamba haki ya kodi ya shamba huanzia kwenye kipimo. Jambo hilo alilifahamu sana Raja Todar Mal, mshauri wa mambo ya fedha wa Akbar, mfalme mkuu wa Bara Hindi aliyetawala tangu mwaka 1556 hata 1605.

Zamani hizo mashamba yalipimwa kwa kamba. Kamba ikilowa hufupika. Nayo ikifupika, shamba lile lile huonekana kubwa kuliko lilivyo, na mwenyewe hutozwa kodi ya ardhi asiyokuwa nayo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho hakikuwa cha mkulima. Basi kamba ikaondolewa, pakawekwa mianzi iliyoungwa kwa pete za chuma, isiyofupika kwa mvua wala umande.

Tena, bei za kutozea kodi zilingojwa kila mwaka kutoka barazani kwa mfalme. Mwaka 1580 yakatafutwa makadirio ya kati ya mavuno na bei za miaka 10, na serikali ikatwaa thuluthi moja, kwa fedha. Hivyo mtu alijua deni lake mapema.

Mwaka 1582 ikaamriwa hesabu zote ziandikwe kwa Kiajemi. Makarani wa Kihindu wakawa hawana budi kujifunza lugha hiyo.

Todar Mal aliongoza majeshi pia, akafa Lahore mwaka 1589. Lakini sifa yake kubwa haikutokana na upanga, bali na kipimo kisichodanganya.