Mkanda wa Jeshi Usifichwe

Mwananchi wa Ngara au Biharamulo akiota malengelenge ubavuni, yamejipanga kama mshipi, hutokea jirani akasema ameguswa na mdudu, na mwingine akasema amerogwa. Wa tatu hutahadharisha kwamba ncha za mshipi huo zikikutana mgonjwa hufa. Majirani watatu, na hakuna hata mmoja aliyemwelekeza zahanati.

Ugonjwa huo ni mkanda wa jeshi, nao hauna fumbo. Yafaa ieleweke kwamba virusi vya tetekuwanga haviondoki mwilini mtu anapopona. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, pengine kwa miaka 40. Kinga ya mwili ikilegea, huamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo sababu maumivu hutangulia malengelenge, na ndiyo sababu kwa kawaida mkanda hukaa upande mmoja tu wa mwili. Hizo ncha zinazoogopwa ni nadra mno kukutana.

Wazee huupata kwa ajili ya umri. Lakini kijana wa miaka 25 akiupata, hana budi kupima VVU. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko, zaidi ya kwingineko, jambo hili lisingestahili kuwa geni.

La kusikitisha ni kwamba wanaouficha si wakulima peke yao. Mwalimu huvaa shati pana akaendelea kufundisha. Karani huomba ruhusa ya homa. Kumbe dawa ya asaiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokeze, na mkanda uliopanda kwenye paji la uso waweza kulipofusha jicho.

Tena wapo wanaopatwa na mkanda wiki chache baada ya kuanza dawa za VVU, wakadhani dawa ndizo zilizowadhuru, wakazitupa. Sivyo. Kinga iliyodhoofika inapopata nguvu huanza kupambana na virusi vilivyojificha. Mgonjwa wa namna hiyo aendelee na dawa zake, na amwone mganga wa zahanati upesi.

Saa 72 ni chache kwa mtu anayeishi mbali na barabara kuu ya Nyakanazi, na anayeweza kumwambia aondoke asubuhi hiyo hiyo, mara nyingi, ni mwalimu wa hapo kijijini.